Mama Mkwe Anaupenda Ukuta Unaonitisha

Ndugu Mhariri, nifichie jina, maana mume wangu husoma ukurasa huu kabla ya habari za mbele. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi kwenye shamba la mkonge hapa Korogwe. Shamba lilipotaifishwa mume wangu alipandishwa kuwa msimamizi, tukapewa nyumba aliyokuwa akikaa mzungu. Ina jiko la umeme, birika la umeme na pasi. Wenzangu wananionea wivu. Laiti wangejua ninavyolala.

Mfungo ulipoanza, kila ikikaribia saa ya kufuturu fyuzi ya jikoni ikawa inakufa. Kwangu haikuwa ajabu. Shuleni, kwenye sayansi kimu, tulifundishwa kuchukua wati zilizoandikwa kwenye chombo, kuzigawanya kwa volti 230, tukapata ampea. Jiko ni wati elfu tatu, basi ampea kumi na tatu. Birika vivyo hivyo. Pasi ya kunyooshea kanzu ya mume wangu ya tarawehe, nne na ushee. Vyote pamoja thelathini, na waya wa jikoni umewekewa fyuzi ya kumi na tano! Nikamwomba tupike kwanza, chai ifuate. Akacheka. "Fyuzi zenyewe dhaifu, mama watoto. Zinakufa ovyo." Akaenda kiwandani, akarudi na kipande cha waya wa kufungia marobota ya mkonge, akakipachika mahali pa fyuzi. Tangu hapo haifi, na hicho ndicho kinachonitia hofu. Fyuzi ilikuwa ikifa ili nyumba isiungue.

Waya wa jikoni unapita ndani ya ukuta wa chumba cha mama mkwe, aliyekuja kutoka Sindeni kufunga nasi. Jioni ukuta unapata moto. Yeye ana maumivu ya mgongo, akasogeza kitanda akauegemea. "Ukuta wenu unanikanda, mwanangu," akaniambia. Siku niliyozima birika kwa siri, alinuna. "Leo ukuta umepoa. Hata joto mnaninyima?" Mume wangu akanigombeza kwa kumtesa mama yake.

Nilitaka kumwita fundi umeme wa shamba. Mume wangu akanikataza. "Nyumba hii mali ya umma. Akiona nilichoweka, kazi sina." Nikimwambia mama ukweli, mwanawe ataaibika mbele yake, na yeye atarudi Sindeni akisema nimemfukuza.

Jana nilishindwa kuacha kiganja ukutani, kiliungua. Nikakivuta kitanda hadi katikati ya chumba. Leo nimekikuta kimerudi palepale, na safari hii mama ameuelekeza mto ukutani.

Wasomaji wenzangu, nimwokoe mama nimharibie mume kazi, au ninyamaze? Nishaurini, na msikawie. Futari iko jikoni, birika limeanza kuunguruma, na mama ameshakwenda kujilaza.