Kiongozi wa Darasa Lisilo Langu

Nilizunguka vyuo sita kabla ya kuchagua kimoja. Vijana wa ploti yetu ya kupanga hapa mtaa wa Huruma niliwaambia, "Chagueni kwa makini, msifuate watu."

Basi jioni ya kwanza ya masomo nilitoka kazini kiwandani miguu ikiniwaka. Jengo la chuo nilichochagua lina chuo kila ghorofa, na lifti ilikuwa imekufa. Nikapanda ngazi nyuma ya wanafunzi, wakaingia darasa la kompyuta, nami nikaingia. Nilichotaka ni kiti.

Kwa wiki tatu sikukosa hata siku moja. Nilijiunga na kwaya yao. Wakanichagua kiongozi wa darasa, wakaniita Buda, yaani mzee.

Jana mwalimu akanipa orodha niite majina. Nikaita kwa sauti ya chifu, wote wakaitika. Langu halikuwemo.

"Mmenisahau," nikafoka. "Na mimi ndiye kiongozi!"

Mwalimu akaomba kitambulisho changu cha chuo. Akakisoma mara mbili, kisha akanyoosha kidole darini.

"Mzee, chuo chako kiko ghorofa inayofuata."

"Kwani Buda ni wa wapi?" kijana mmoja akauliza, darasa likaangua kicheko.

Nikakusanya madaftari yangu. Mlangoni nikageuka, nikauliza kama lifti imetengenezwa.