Wazee Walipokataa Viti

Siku niliyoripoti kazini Handeni, Mkuu wa Idara ya Maendeleo ya Jamii hakuangalia vyeti vyangu. Aliangalia viatu. "Hivyo vitakufikisha sokoni tu," akasema. "Katafute vya kukufikisha vijijini, halafu uje tuanze kazi." Nilirudi na raba za mtumba, akacheka, akanionyesha meza yangu. Ninyi mnaoingia utumishi leo mnakuta vishikwambi mezani. Sisi chombo chetu cha kwanza kilikuwa miguu, na nasema kweli, niliipenda kazi ile kuanzia wiki ya kwanza.

Afisa maendeleo hapeleki majibu kijijini. Anapeleka maswali, kisha analibeba jibu la wananchi mpaka liwe mpango wenye bajeti. Safari yake ni ndefu: Kamati ya Maendeleo ya Kata, wanapokaa diwani na watendaji; halafu Menejimenti, yaani wakuu wa idara wote mezani kwa mkurugenzi; mwisho Baraza la Madiwani, ambalo ndilo linalopitisha. Jambo jema linaweza kufia popote hapo njiani, na mengi hufa.

Jambo langu mimi lilikuwa wazee. Kila nyumba niliyoingia Handeni nilimkuta mzee kitini, na watoto wake wanajisifu: "Mama yetu siku hizi hashiki hata kikombe." Kwao hiyo ndiyo heshima. Mzazi akizeeka ukamwacha ashike jembe, majirani watakusema msimu mzima. Kumbe Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa anatulilia kila kikao kwamba wazee wake wa presha na sukari wanahitaji kutembea kama wanavyohitaji vidonge. Nikaanza kuona kwamba tunawapenda wazee wetu vibaya.

Nilipohamishiwa Korogwe mjini nikakutana na Bibi Anastazia wa Kwamndolwa, ambaye baba yake alikuja kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Alikuwa amelima maisha yake yote, mpaka wanawe walipomnyang'anya jembe kwa upole na kumnunulia kiti chenye mto wa foronya. Nilipomwamkia alijaribu kusimama, magoti yakagoma.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Unaona? Wananipenda mpaka nimekauka."

Maneno hayo niliyaweka moyoni. Nikaandika andiko: kila kata itenge mahali pa wazi na njia salama ya wazee kutembea, na siku ya mazoezi iingizwe kwenye mpango wa halmashauri, isitegemee huruma ya afisa mmoja. Mkuu wangu mpya wa idara alilipenda. Alikuwa mtu mwenye adabu sana, na adabu hiyo ndiyo iliyotuponza siku ya uzinduzi wa majaribio.

"Wazee huwaiti bila viti," aliagiza. "Nitaonekanaje?"

Basi tukafunga turubai kiwanjani Masuguru, tukakodi viti, vijana wakawapokea wazee kwa shikamoo na kuwakalisha mmoja mmoja. Mwalimu wa michezo akapuliza filimbi. Wazee wakampigia makofi. Akanyoosha mikono, akaruka, akachuchumaa, nao wakampongeza kwa uchangamfu mkubwa, wakanywa soda, wakaaga. Hakuna aliyeinuka. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikaona uchungu, maana taarifa ilifika kwenye Menejimenti kwamba wazee hawataki mazoezi.

Na hapo palikuwa pabaya, kwa sababu kiwanja kile kilikuwa na mgombea mwingine. Kulikuwa na hoja ya kukigawa kijengwe fremu za maduka, na baraza lililofuata ndilo lingeamua kati ya fremu na mpango wetu. Fremu zikijengwa, njia ya wazee imekwisha, maana pale katikati ya mji hapakuwa na pengine. Diwani aliyeleta hoja ya fremu hakuwa mtu mbaya. Alisema mapato yanajenga zahanati, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Nilikwenda kwa Bibi Anastazia kumpa habari hiyo. Akakitazama kile kiti chake.

"Hao madiwani wamewahi kutuona tukitembea?"

"Hapana, bibi."

"Basi tutakwenda kwa miguu."

Tangu siku hiyo akawa anatoka asubuhi, kwanza mpaka kwa jirani, kisha mpaka barabarani, wenzake wakajiunga. Wanawe walinijia juu kwamba namtesa mama yao. Aliwajibu yeye mwenyewe, na hawakurudi tena kwangu.

Siku ya baraza wazee walitoka Kwamndolwa polepole, fimbo mkononi, wakafika ukumbini na vumbi lao. Wahudumu wakakimbilia viti vya wageni waalikwa.

"Asante, mwanangu," Bibi Anastazia akasema. "Tumekaa vya kutosha."

Akasimama. Wote wakasimama, wamejipanga ukutani. Sasa ninyi mnajua mila zetu: nani atakaa mbele ya bibi aliyesimama? Madiwani waliokwisha kukaa wakainuka. Mkurugenzi akainuka. Mwenyekiti wa Halmashauri aliyekuwa anajishusha kitini akaishia njiani, akainuka tena. Akawaomba wazee wakae. Wakamshukuru kwa heshima zote, wakabaki wima.

Kikao kikaendeshwa hivyo hivyo. Diwani wa fremu alianza vizuri, lakini alipofika kwenye mapato akaegemea meza, kisha akabadilisha mguu. Akamtazama Bibi Anastazia, aliyekuwa ametulia tuli.

"Bibi, hamjachoka?"

"Sisi tumefanya mazoezi, mheshimiwa. Wewe je?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Akasema fremu zinaweza kutafutiwa eneo lingine, ila miguu haina eneo lingine, akaondoa hoja yake mwenyewe. Mwenyekiti akaomba wanaoafiki mpango wa wazee wanyooshe mikono, na mikono ikanyooka ukumbi mzima. Ndipo Bibi Anastazia akavuta kiti, akakaa. Tukapumua, tukakaa sote. Mimi nililia hadharani, nikiwa na kitambulisho cha kazi shingoni, na sikuona haya.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nilistaafu, nikahamia kwa mwanangu, kule Mkumbara. Asubuhi ya kwanza nilishika ufagio, mkwe wangu akaupokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Umefanya kazi sana, pumzika." Akanitolea kiti uani, na foronya ya mto wake ameifua. Nikakaa. Kiti kilikuwa kizuri, jua la asubuhi zuri, na nilikuwa karibu kusinzia nilipomkumbuka Bibi Anastazia akisema amekauka.

Nikainuka, nikamwambia mkwe wangu akae yeye. Akakataa katakata, hawezi kukaa mama mkwe amesimama.

"Basi lete ufagio wa pili," nikamwambia.

Akacheka, akauleta. Tukafagia mpaka barabarani, na nyuma yetu kuku wakapanda kiti.