Kupunguza Sifa za Dada Yangu

Kwetu mjini Baraka, mtu akikuita mchapakazi, shukuru, kisha angalia anakuja na mzigo gani. Neno lenyewe ni zuri. Ni la mtu anayefanya kazi bila kusukumwa. Lakini sokoni nimelisikia zaidi hivi: "Wee muchapakazi, nisaidie basi kushusha hii mifuko."

Nilijua hayo yote. Bado, siku wageni kutoka Ubwari, ng'ambo ya maji, walipokuja kumposa dada yangu, neno lile lilinitoka mimi mwenyewe. Familia ilinipa kazi ya kusema kwa sababu sokoni hawanishindi bei. Nilihesabu viti mara mbili, wageni mara mbili, na sikutulia. Dada ana cherehani yake hapa mjini, na wateja wake. Aliniomba jambo moja: "Kaka, kijana ninamutaka. Cherehani siiachi."

Nikaanza kumsifu kama ninavyosifu ndagala, dagaa wetu wa ziwani: "Huyu mutoto wetu iko muchapakazi!"

Shangazi wa kijana akainua kichwa. "Aa, vizuri! Kule tuko na mashamba ya muhogo, na migongo yetu imechoka. Kumbe tumepata muntu."

"Muchapakazi wa kushona, mama."

"Mikono si ni ile ile?"

Nyuma ya pazia dada akakohoa. Akakohoa tena. Boti ya wageni ilikuwa inawangoja, wakaanza kuulizana saa, na mimi kiti kilikuwa kinanichoma. Maisha yangu yote nashusha bei ya mali za wengine; sasa ilibidi nishushe ya kwetu.

"Mama, niseme kweli. Jembe, hapana. Kumwamsha asubuhi ni vita. Bustani aliyolima hapo nyuma, waliofurahi ni mbuzi tu."

Kikohozi cha nyuma ya pazia kikakatika ghafla. Shangazi akanikagua kama noti iliyochanika.

"Sasa iko muchapakazi ao hapana?"

"Iko. Kwa cherehani, hapa Baraka. Mukimupeleka kwa muhogo, munapeleka muvivu."

Akamtazama kijana. Kijana akatazama pazia, akasema, "Shangazi, mi nitapanga nyumba hapa."

"Basi abakie," mama yule akasema. "Bavivu kule tuko nao ba kutosha. Lakini kila sikukuu atatushonea sisi wote."

"Sisi wote ni wangapi?"

Akahesabu kwa vidole. Nikamwomba ahesabu tena.