Mume Wangu Ameliimba Jina Tulilolizika

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, fundi wa nguo hapa Kitengela, nimeolewa miaka kumi na mitano. Jina langu msilitoe. La bendi ya mume wangu pia msilitoe, ingawa wenye umri wangu walicheza nyimbo zake mpaka viatu vikaisha soli. Sina nia ya kumharibia mtu. Nina hasira, na nisipoisema mahali nitapasuka.

Mume wangu anatoka upande wa magharibi, mimi ni Mmaasai wa Bisil. Miaka ya tisini alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa hiyo bendi. Tulipanga nyumba Laiser Hill, tukapata mtoto msichana. Akiwa na miaka minne alishikwa na nimonia, na siku ya tatu akatutoka. Baba yake alikuwa Mombasa na bendi, na simu za mkononi hatukuwa nazo. Alipofika, wazee wetu walikuwa wameshamzika mtoto Bisil.

Kwetu, mtoto akienda hivyo, jina lake halitajwi tena mbele ya mama yake wala bibi yake. Kulitaja ni kutonesha kidonda. Mume wangu alielezwa, akasimama mbele ya baba yangu na wajomba zangu, akaapa kwa mdomo wake kwamba hatalitaja. Hata Laiser Hill tulihama, kwa sababu majirani wote waliniita mama wa yule mtoto. Binti yetu wa pili alipozaliwa, mume wangu alitaka kumpa jina la dada yake, kama wanavyofanya kwao. Nilikataa. Akaliacha, nami nikadhani yameisha.

Mwaka jana hao wazee wa bendi, iliyokuwa imevunjika zamani, wakaamua kurudi. Mmoja sasa ana kitambi, mwingine hana meno mawili ya mbele, lakini sauti bado wanazo, siwezi kudanganya. Nyimbo za zamani walizifanyia mazoezi sebuleni kwangu. Niliwapikia chai na mandazi, nikawashonea mashati sita ya kitenge kwa mkono wangu. Zile mpya walizitengeneza na kuzirekodi Nairobi. Kila nikiomba kusikia albamu, mume wangu ananiambia, "Ngoja uzinduzi. Nataka usikie na watu." Nami mjinga nikangoja.

Wiki iliyopita nilienda Bisil siku ya mnada kununua mbuzi wa sherehe ya huo uzinduzi. Nilikuwa nimesimama na mama yangu, kamba ya mbuzi mkononi, muuza kaseti akafungulia spika zake.

"Huyo si ni bwanako?" mama akauliza, akicheka.

"Ndiye, Yeyo. Hiyo ndiyo albamu mpya."

Niliringa kwamba imefika sokoni hata kabla ya uzinduzi, acha nikiri. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza polepole, gitaa peke yake. Ulipofika kwenye kiitikio, mume wangu akamwita mtoto wetu. Alimwita kwa jina lake kamili, mara nne, akamwuliza amelala wapi. Mama alijifunika shuka kichwani, akapita katikati ya mbuzi za watu, akashika njia ya nyumbani kwa miguu. Mimi nikaachilia kamba.

Muuza kaseti akaniita, "Mathe, si uchukue moja? Hii ndio iko moto saa hii."

Nilirudi Kitengela mchana huohuo, nikamkuta anakaza nyuzi za gitaa.

"Uliapa," nikamwambia.

"Niliapa nikiwa nimechanganyikiwa. Mlimzika bila mimi. Kwetu mtu akienda anatajwa, anaimbiwa, watoto wanapewa jina lake. Nyinyi mmemfuta. Miaka tisa niko na mtoto kwa roho na siwezi hata kumwita!"

"Na mamangu?"

"Mamako nitaenda nimwombe msamaha. Lakini hiyo ngoma sitoi. Ndio best kwa album yote."

Kinachoniua ni kwamba ni kweli. Ni wimbo mzuri kuliko zote alizowahi kuimba, na nachukia kuandika hivyo. Lakini hakuniuliza! Alimwuliza mpiga ngoma, alimwuliza mtu wa studio, alimwuliza kila mmoja isipokuwa mimi niliyembeba yule mtoto mgongoni nikienda naye hospitali. Wale wanaume sita walilijua jambo hili, wakala mandazi yangu, wakavaa mashati yangu, wakaniangalia usoni, "Asante sana, shemeji." Hakuna hata mmoja aliyesema shemeji, kuna neno. Mkono mtupu haulambwi, nao walilamba wa kwangu mpaka ukakauka.

Uzinduzi ni Jumamosi. Mume wangu anasema ataniita jukwaani mbele ya watu wote, kama mama wa mtoto wa kwenye wimbo, kwa jina lile lile lililotuhamisha Laiser Hill. Kaka yangu naye amepiga simu. Anasema nikikanyaga hapo ukumbini, nisikanyage tena Bisil.

Nilikuwa nimeshaamua sitaenda. Kisha jana binti yetu, ana miaka sita, akatoka shule akiimba kile kiitikio. Hajawahi kuambiwa kwamba alikuwa na dada. Akaja akaegemea cherehani yangu.

"Mami, huyu Dadi anaita ni nani?"

"Si mtu," nikamjibu. "Ni jina la wimbo tu."

Akaenda zake akiimba. Mimi nikabaki na mguu juu ya kanyagio, siwezi kushona. Mila yetu ilinikataza kumtaja mwanangu. Haikunituma nimkane.

Nyinyi mliozaa na mliozika, msinionee haya, nipeni ukweli. Jumamosi akiniita kwa jina la mtoto wangu, niitike au ninyamaze?