Kidonda cha Ulimi wa Dada Esta

Niliondoka Koboko kumpeleka dada yangu Esta hospitali Arua, na niliondoka na hasira. Kwa miezi minne alikuwa na kidonda pembeni mwa ulimi, kidogo kama punje ya mahindi, kisichopona. Miezi yote hiyo mwenye duka la dawa alimuuzia vidonge, akabadilisha vidonge, akamwambia asukutue kwa chumvi. Hakumwambia hata siku moja afungue mdomo.

Asubuhi ya safari nilipita dukani kwake.

"Unapeleka yeye Arua kwa kidonda ya ulimi?" alicheka. "Hiyo iko joto ya mwili tu."

Nilipiga kaunta kwa kiganja mpaka chupa zikagongana. Esta alinivuta shati tukatoka.

Njiani alitemea mate kwenye leso. Esta ni mkulima wa kijiji chetu cha Lurujo, huko Koboko, mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo kumeza mate tu kulimuuma.

Saa tano tulikuwa Arua. Daktari wa upasuaji, mama mfupi mwenye mikono mipole, alimulika mdomo, akashika ulimi, akapapasa shingo. Alimaliza kwa dakika chache. Miezi minne, halafu dakika chache! Alikata kipande kidogo kikapimwe.

Tulifikia kwa binamu yetu Florence, mtaa wa Awindiri hapo Arua, tukasubiri majibu wiki tatu. Yakaja: kansa.

"Bado ni ndogo," daktari alisema. "Nitatoa sehemu hiyo ya ulimi, na tezi za shingo upande huohuo."

Nikawaka. "Shingo iko na uvimbe wapi? Wewe mwenyewe umeshika! Unataka kuchinja mutu mzima?"

"Kansa ya ulimi huweza kujificha kwenye tezi kabla vidole havijaigusa. Nikingoja zivimbe, huenda nikachelewa."

Nilisema hapana. Esta akanigeukia.

"Shingo iko yangu. Wewe iko na hasira tu, mimi iko na kansa. Daktari, kata."

Siku ya upasuaji nilizunguka ua wa hospitali kama mbwa aliyefungwa. Baada ya hapo Esta alilishwa kwa mpira wa puani, akaongea nasi kwa kuandika kwenye daftari la Florence.

Majibu ya tezi yalinikata maini. Moja ilikuwa na kansa, ndogo isiyoshikika kwa mkono. Ile shingo niliyoipigania ibaki ilivyo! Daktari hakunisuta. Alisema tu Esta arudi kila mwezi achunguzwe.

Tuliporudi Lurujo, Jumapili Esta alisimama kanisani kushukuru. Maneno yalimtoka mazito, na nyuma watu wawili wakacheka. Alifungua kola, akawaonyesha mshono tangu sikioni hadi kooni.

"Cheka," alisema. "Lakini nani iko na kidonda ya mdomo haiponi, kuja hapa."

Nilichojifunza kiko hapo. Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu kitazamwe na daktari, kisibembelezwe kwa vidonge. Na hasira yangu, pamoja na haki yake yote, ingemzika dada yangu.

Baada ya ibada walikuja wanawake watatu. Niliwamulika kwa tochi ya simu. Wawili hawakuwa na kitu. Wa tatu, jirani yetu Rose, alikuwa na kidonda kigumu chini ya ulimi.

"Tangu lini?"

"Tangu kupanda simsim."

Ufuta huo ulikuwa umeshavunwa: zaidi ya miezi mitatu. Jumatatu asubuhi tulikuwa barabarani tena.