Makaa ya Jiko la Theuri

Wewe, nyumbani kwako, dawa ya kunyunyizia kahawa umeiweka ndani ya nini?

Theuri wa Kiriaini aliiweka ndani ya chupa ya soda. Kijijini kwao ndivyo wanavyofanya: mmoja ananunua mkebe, majirani wanagawana, kila mtu na chupa yake. Jumamosi ile chupa ilikaa chini ya mti wa kahawa, kando ya chupa nyingine ya soda yenye maji. Mkewe, Wangui, alikuja na kiu baada ya kukata machipukizi, akapiga mafunda mawili kabla ya kushtuka na kuitupa.

"Makaa!" akapiga kelele jirani yao, Kahiga. "Baba Watiri, hata hospitali wanapeana makaa. Niliona kwa simu. Saga haraka!"

Theuri akatwanga makaa ya jiko, akakoroga na maziwa. Wangui akanywa, akatapika. Jasho likamlowesha, mate yakamtoka bila kukoma.

Ndipo Kahiga alipoleta gari, wakakimbilia zahanati. Ilikuwa imepakwa rangi kabla ya uchaguzi, na jina la mheshimiwa limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko neno lenyewe "zahanati". Rangi ilikuwapo. Dawa ya kutibu sumu haikuwapo.

"Lakini amekunywa makaa, sista," Theuri akasema.

"Hayo ni ya kupikia ugali," muuguzi akajibu, akimlaza Wangui kwa ubavu. "Ya hospitali hutengenezwa yawe na vitundu vya kunasa sumu. Tena hutolewa mapema, mgonjwa akiwa bado anameza vizuri. Mlipokuwa mkitwanga, sumu haikuwangoja. Kimbieni hospitali ya Murang'a, na msimpe kitu kingine mdomoni!"

Njia nzima Theuri alimwita mkewe kwa jina.

"Niko," Wangui alijibu mara moja tu. "Wacha kunipigia kelele."

Huko Murang'a daktari alisema wakati wa makaa umepita. Zilibaki sindano na mashine ya kupumulia. Hakuahidi kitu.

Asubuhi yake Theuri alirudi nyumbani kuchukua nguo za mkewe. Akamkuta Kahiga shambani, bomba la kunyunyizia mgongoni, akimmalizia kazi kama jirani mwema.

"Usijali kahawa, Baba Watiri! Wewe angalia mama."

Chini ya mti zilisimama chupa mbili za soda, ya maji na ya dawa, bega kwa bega. Kahiga akatua bomba, akapangusa jasho, akanyoosha mkono bila kutazama.