Pumzi ya Babu Ndani ya Kasha la Ngozi

Nnnnng. Mlio ulianzia chini kama ndama anayeota, ukapanda kidogo, kisha ukakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Nauandika vibaya, najua. Lakini ungeusikia wewe, mchana wa jua kali, nyumba imetulia na watu wako uani, ungeelewa kwa nini mpaka leo fundi cherehani jirani yangu hapa mjini Nyamisangura akiburuta kiti chake kibovu sakafuni, mimi huacha ninachofanya na kusikiliza.

Ulikuwa mlio wa kodiani ya babu. Na babu alikuwa ameshafariki.

Ngoja nikusimulie taratibu. Nililelewa na bibi yangu, mama yake baba, kule Nyarero, kwenye nyumba ya udongo yenye bati lililokuwa likilia mvua ikianza. Kodiani, kama huijui, ni kinanda cha kushika mkononi. Unaingiza viganja kwenye mikanda, unavuta, unasukuma, na hewa inayopita ndani ndiyo inayoimba. Ya babu ilikuwa ndogo, ya pande sita, ina vifungo vyeupe kila upande na katikati tumbo la makunjo kama shingo ya kobe. Ilikuwa na nyumba yake: kasha la ngozi nene ya kahawia, nalo la pande sita, lenye kifuniko juu, kitasa cha shaba na mkanda wa kubebea. Babu alipewa ujanani na Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo hapakuwa na harusi wala ibada kule kwetu iliyokosa mlio wake.

Kasha lilikaa chumbani kwa bibi, juu ya kigoda, mbali na ukuta kwa sababu ya mchwa, mbali na jiko kwa sababu ya moshi. Pembeni yake bibi alitandaza majani makavu ya tumbaku, ili wadudu wakipita wapige chafya warudi walikotoka. Kila Jumamosi tulilitoa nje, kivulini na si juani. Jua linazeesha ngozi ya mtu, sembuse ya kasha. Tulilifuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Halafu bibi alichota samli kwenye kibuyu, akalipaka kwa kiganja taratibu, pembe kwa pembe, kama alivyopaka ngozi yake ya kulalia, na kama alivyonipaka mimi miguu kabla ya kwenda kanisani.

“Ngozi hata ikifa bado ina kiu,” alikuwa akisema.

Ila kulifungua, hapana. Babu alipiga mara ya mwisho akiwa kitandani. Alivuta kodiani ikajaa hewa, mkono ukachoka, hakuweza kuisukuma tena. Akamwambia bibi, “Iweke hivyohivyo, nitamalizia kesho.” Hakumalizia. Bibi aliirudisha kwenye kasha ikiwa imevimba, kifuniko hakikufunga, kikabaki kimeegemea juu ya vifungo, na mwanya ukabaki pale wa kupitisha vidole. Hewa iliyomo humo, bibi alisema, aliivuta yeye babu yako. Ni pumzi yake. Tulilibeba kasha lile kama watu wanaobeba yai. Mimi, na ndoto zangu, niliamini kuna babu mdogo amejikunja mle ndani, anangoja kesho yake.

Ndipo baba mdogo akaoa. Mkewe, mama mdogo kwangu, alitoka upande wa Serengeti, kijiji cha karibu na Mugumu, na kicheko chake kilikuwa kinafika mtoni kabla ya ndoo yake. Nilimpenda siku ileile. Lakini kwetu mke wa mwana ana mipaka. Hagusi kitu cha baba mkwe wake, haingii chumba alicholala, hata kama mwenyewe yuko kaburini. Mama mdogo aliyajua hayo. Alifagia nyumba mpaka kwenye mlango wa chumba cha bibi, akasimama hapo, akanipa ufagio mimi nimalizie.

Haukupita muda, mlio ukaanza. Tulikuwa uani tunapepeta ulezi, bibi, mimi na mama jirani, ambaye alikuja kuomba chumvi na akakaa mpaka jioni kama kawaida yake. Nnnnng. Bibi akaacha ungo. Aliingia ndani, na alipotoka uso wake ulikuwa wa kijivu. Kifuniko kilikuwa kimeshuka.

“Nani yuko ndani?” akauliza.

Mama mdogo akatokea mlangoni na kikapu cha mboga. “Mimi tu, mama.”

Mama jirani akatazama mbali, juu ya miti. “Mimi sisemi ni yeye,” alisema mama mdogo alipoondoka. “Nasema tu, kabla hajaja, kinanda kilikuwa kimya.”

Shaka ni kama moshi wa kuni mbichi, ikishaingia nyumbani inakaa hata kwenye nguo. Mama mdogo akiimba wakati wa kusaga, mama jirani alimnong'oneza bibi, “Wimbo huo si ule wa mzee? Ameujulia wapi?” Wimbo wenyewe tuliuimba kanisani kila Jumapili, na mama jirani mwenyewe ndiye aliyeuimba kwa sauti kuliko wote. Lakini bibi hakucheka. Mlio ulirudi tena na tena, mchana, na kila mara bibi alikwenda kupima mwanya kwa vidole. Akaanza kumwangalia mama mdogo mikono, si uso. Akaanza kuonja mboga kabla yetu.

Mimi nikatumwa nimchunguze. Nilimfuata mtoni, nikamfuata shambani, nikamfuata mpaka chooni nikasimama nje.

“We mtoto, unanifuata kama mkia,” alisema siku moja. “Umetumwa?”

“Sijatumwa.”

“Basi umejituma. Shika ndoo.” Akanipa karanga alizofunga kwenye pindo la kanga, tukaenda. Nilizila huku nikimwangalia vidole, na karanga zile, alizozoea kunipa tangu hapo, zilikuwa tamu na chungu kwa pamoja.

Siku mwanya ulipobaki wa kidole kimoja, bibi alimwita baba mdogo mbele yetu wote.

“Mura, kijana wangu, Jumatatu umrudishe mkeo kwao Mugumu.”

“Mama, hujamwona.”

“Masikio yangu yamemwona. Pumzi ya baba yako inaisha, na wewe unaniambia sijamwona?”

Baba mdogo alikaa akikwaruza udongo kwenye jembe lisilokuwa na udongo. Mama mdogo aliinuka. Alizitoa nguo zake kwenye kamba ya chumbani kwake, akazifunga ndani ya kitenge, akakaza fundo, akaliweka furushi nyuma ya mlango. Kicheko hakikusikika tena kwetu. Ungefikiri kimefungwa humohumo.

Bibi bado alitaka shahidi, wazee wa kwao mama mdogo wakiuliza awe na la kusema. Kwa hiyo Jumamosi, tulipokwisha kulipaka kasha samli na kulirudisha, aliniambia niingie chini ya kitanda chake, nitulie. Nililala kifudifudi kwenye vumbi na harufu ya tumbaku, nikiangalia kigoda. Niliomba moyoni, mama mdogo, usiwe wewe. Nikasikia hatua nyepesi, nyepesi mno. Zilitoka juu, penye nafasi kati ya ukuta na bati.

Alikuwa paka. Dume la manjano lenye sikio moja lililokatika, paka mpya wa mama jirani. Aliruka juu ya kifuniko, akajipanga vizuri kama mtu anayekaa mezani, akaanza kulamba samli kwenye pembe. Alipohamisha miguu ya nyuma, kifuniko kikazama. Nnnnng. Paka mwenyewe alishtuka, manyoya yakasimama. Akasikiliza. Kisha akaendelea na chakula chake.

Nilitoka mbio nikipiga kelele. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akainama, akaninusa.

“Mdomo wako unanuka karanga,” alisema. “Amekupa nyingi?”

Rafiki yangu, sijawahi kulia kama vile. Nadhani ndicho kilichomfanya anyanyuke. Alimwambia mama mdogo akae uani, kwenye mkeka, mahali anapoonekana kupitia mlangoni. Akamwita mama jirani naye aje aone kwa macho yake. Tukakaa kitandani watatu, kimya, kama watu wanaomngoja daktari. Na paka, aliyekuwa hajashiba, akaja. Akaruka, akalamba, akahama miguu. Nnnnng. Kule nje mama mdogo yuko palepale kwenye mkeka, amejishika magoti.

“Huyo si paka wangu,” alisema mama jirani.

Paka akashuka, akaja kujisugua miguuni kwake, akikoroma.

Bibi aligeuza mkono wake. Aliangalia kiganja chake, kilichokuwa bado kinang'aa samli. Nilimwona akielewa, na nilitamani asielewe mpaka mwisho. Kisha akaita jina la nyumbani la mama mdogo, lile ambalo hakuwa amelitumia tangu shaka ianze.

“Njoo huku.”

Mama mdogo alifika mlangoni, akasimama palepale ufagio wake ulipokuwa ukisimama. “Huko siingii, mama.”

“Nimesema ingia. Mikono yangu ina mafuta. Nibebee hili, tukalifute nje.”

Mama jirani alifungua mdomo akaufunga. Mama mdogo alivua ndala. Aliingia akitembea kama sakafu ni ya maji, akainama, akalipokea kasha kwa mikono miwili, akalikumbatia. Kodiani haikutoa hata mguno. Samahani bibi hakuomba, si siku ile wala siku nyingine. Lakini tangu hapo kasha lilibebwa na mama mdogo peke yake.

Siku hizi bibi hayupo. Nyumba ile imebomolewa, pamejengwa ya matofali, na kasha liko kabatini kwa mama mdogo. Analifuta kwa kitambaa kikavu tu, ngozi imepasuka kwenye pembe, na kifuniko kimefunga kabisa. Kimeshuka chenyewe miaka ikienda, bila paka. Nyarero nzima hakuna ajuaye kupiga kodiani. Vijana wanapita na spika nyuma ya pikipiki, muziki unawatangulia na vumbi linawafuata. Mama jirani naye ametangulia, na usinicheke, hata macho yake nayakosa. Alikuwa anatushuku kwa sababu alikuwa anatuona. Hapa mjini ninaweza kuugua wiki nzima na mlango wa jirani usiulize.

Mchana ule wa paka, wao wawili walipokuwa kivulini wanafuta samli, bibi akionyesha kwa kidole na mama mdogo akisugua, nilinyemelea nikaingia chumbani kwa mama mdogo. Furushi lilikuwa bado nyuma ya mlango. Fundo lilikuwa limekazwa na mtu mwenye hasira, vidole vyangu vikashindwa, nikalifungua kwa meno. Nilitoa nguo moja moja, nikazitundika kwenye kamba, gauni la kanisani mbele. Kitenge nikakikung'uta, nikakikunja, nikakiweka juu ya mto wake.